Safari ya Lushoto na Tela la Mizigo

Atokaye Tanga kwenda Lushoto hupita nchi mbili katika safari moja. Ya kwanza ni nchi ya tambarare, yenye joto, minazi, michungwa na mashamba ya mkonge. Ya pili ni nchi ya mlima, yenye baridi, ukungu na vijito vya maji. Katikati ya nchi hizo mbili pana Mombo, mji mdogo ulio chini ya mlima, na hapo ndipo kila mzigo hupimwa. Mzigo uliokwenda vizuri katika tambarare huenda ukashindwa mlimani; na mzigo uliopanda salama huenda ukaangamiza watu katika kushuka.

Twapenda kuwapa wasomaji habari za safari tuliyofanya katika njia hiyo, tukiwa na gari dogo aina ya Hiace lililovuta tela la magurudumu mawili. Hatuwaandikii kwa kuwa safari ilikuwa ya ajabu. La, ilikuwa safari kama zile zifanywazo kila juma na shule, na vyama vya ushirika, na jamaa wanaohama nyumba. Lakini dereva wetu alifanya mambo ambayo wengi huyaacha, nasi twadhani yafaa walimu na wazazi wayajue, hata wale wasioweza kushika usukani. Maana mara nyingi mwenye mzigo ndiye amshurutishaye dereva kufanya lisilofaa.

Njia hii ni njia ya mizigo tangu zamani. Watu wa Usambara walipanda na kushuka na mizigo kichwani, vizazi kwa vizazi. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Mwaka 1902 ikafika Korogwe, na mwaka 1905 ikafika Mombo, kilomita 129 kutoka mwanzo wake. Hapo reli haikupanda mlimani, bali iliendelea chini chini hata ikafika Moshi mwaka 1911. Kwa habari ya magogo ya msitu wa Shume, kabla ya vita ya mwaka 1914 ilitengenezwa njia ya kamba ya chuma iliyopita angani, ikayashusha magogo mpaka Mkumbara, karibu na reli. Basi hata wale wenye mitambo walijua ya kuwa katika mlima huu kuna kazi mbili: kuupandisha mzigo, na kuushusha bila kuuacha ukimbie. Na hiyo ya pili ndiyo ngumu.

Shule tuliyoitumikia iko mbele kidogo ya Lushoto. Ilihitaji mifuko 20 ya sementi ya kusakafia madarasa, madawati 12, na vyombo vya mafundi. Tulipofika mahali pa kupakia pale Tanga tulikuta vitu vyote vimekwisha kupangwa chini, na vijana wa kupakia wamekunja mikono ya shati. Dereva wetu, mtu mzima mwenye mvi, hakuwapa ruhusa kugusa kitu. Aliomba karatasi na kalamu.

Kitabu cha gari, kilichoandikwa na waliolitengeneza, kilisema kuwa gari lile lisivute tela lipitalo kilo 1,200 pamoja na mzigo wake, tena liwe tela lenye breki zake lenyewe. Basi akaandika hesabu hivi. Tela tupu, kilo 350. Mifuko 20 ya sementi, kila mfuko kilo 50, ni kilo 1,000. Madawati 12, kila dawati kilo 20, ni kilo 240. Vyombo vya mafundi, kilo 40. Jumla ni kilo 1,630. Akaipiga mstari karatasi ile, akasema, "Mifuko kumi itabaki."

Mjumbe mmoja wa kamati ya shule alikuwapo, naye hakupendezwa. Mafundi walikuwa wamekwisha kuitwa, nao hulipwa kwa siku, wafanye kazi au wakae. Kuiacha nusu ya sementi ni kuwaweka watu wakingoja, na fedha ya shule ni chache.

"Bwana dereva," akasema, "gari hili lina nguvu. Tumeliona likivuta kupita hayo."

"Ni kweli, Mzee wangu," akajibu dereva. "Kuvuta litavuta. Mimi nauliza habari ya kusimama. Wenye nguvu ya kuvuta ni wengi, lakini mlimani tutaokolewa na nguvu ya kuzuia. Kumi itapanda leo, na kumi itapanda juma lijalo. Sakafu ikichelewa juma moja hapana atakayelia."

Mjumbe alinyamaza, kisha akawaambia vijana wairudishe mifuko kumi ghalani. Nasi twamsifu kwa hilo, maana si jambo jepesi kwa mwenye mzigo kukubali kuambiwa hapana.

Sasa wasomaji waangalie jinsi mzigo ulivyopangwa, maana uzito peke yake si neno lote. Mahali pa kuuweka ni neno kubwa vile vile. Sementi, iliyo nzito, ililazwa sakafuni mwa tela, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Madawati, yaliyo mepesi, yaliwekwa mbele na nyuma ya sementi, na mengine juu yake. Kizito chini na kati, chepesi juu na kandoni: ndiyo kanuni ya kwanza.

Kanuni ya pili ni habari ya shingo ya tela, yaani ule mti wa chuma ulioungana na gari. Yafaa shingo iliegemee gari kwa uzito fulani, usiozidi wala kupungua. Mafundi wengi husema uzito huo uwe kama sehemu 5 mpaka 10 katika kila sehemu 100 za uzito wote wa tela. Tela letu lilikuwa kilo 1,130, basi shingo yake ilipaswa kulemea kilo 57 mpaka 113. Tena kila chuma cha kuvutia kina mpaka wake ulioandikwa na mtengenezaji. Chetu kilikuwa kilo 100. Dereva akaazima mizani ghalani, akaiweka chini ya shingo juu ya kigogo, ikapata kimo kile kile cha gari. Mizani ikasoma kilo 45. Akaagiza mifuko miwili ya sementi isogezwe mbele mita moja. Mizani ikasoma kilo 78, naye akaridhika.

Walimu wanaweza kuwapa watoto hesabu hiyo darasani. Kutoka ekseli mpaka mahali shingo inaposhikana na gari palikuwa mita 3. Kilo 100 zikisogea mita 1, shingo huongezewa kilo 100 mara 1 kugawanya kwa 3, yaani kilo 33. Ongeza 33 katika 45, utapata 78. Mizani na hesabu zilikubaliana.

Na mtu akiuliza sababu ya taabu hiyo yote, ajaribu kwa kigari cha watoto, kile cha mabua au cha waya. Akifungie kitela nyuma, aweke jiwe katika mkia wa kitela, kisha akiteremshe kwenye ubao ulioinama. Kitela kitaanza kuyumba huku na huku kama mlevi, na mwisho kitakiangusha kigari chenyewe. Ahamishe jiwe mbele ya ekseli, akiteremshe tena. Sasa kitashuka kimenyoka. Vivyo hivyo gari kubwa. Uzito ukizidi nyuma, shingo huinua mkia wa gari, na matairi ya nyuma hupoteza nguvu ya kushika barabara. Lakini uzito ukizidi mno mbele, mkia wa gari hukaa chini, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani hautii vema.

Baada ya kupanga mzigo tulifunika turubai, tukafunga kamba mbele, nyuma na mbavuni. Ndipo tela likaunganishwa na gari. Dereva alikishusha kikombe cha shingo juu ya tufe la chuma la gari, akakifunga. Kisha, asiamini macho yake, akajaribu kuinua shingo kwa jeki. Mkia wa gari ukainuka pamoja nayo, akajua kwamba vimeshikana kweli. Akapitisha minyororo miwili ya hadhari, akaipishanisha chini ya shingo, ili kama tufe likiachia, shingo ianguke juu ya minyororo wala isichimbe barabara. Akafunga waya mwembamba ukazao breki za tela iwapo litakatika na kuachana na gari. Mwisho akamsimamisha utingo nyuma, akawasha taa moja moja: za usiku, za breki, na indiketa za kulia na kushoto.

Matairi nayo yakatazamwa. Tela hukaa siku nyingi bila kazi, na tairi likaalo juani hupasuka nyufa hata kama mikunjo yake ni mipya. Upepo ukapimwa tairi zikiwa baridi. Tena tukachukua tairi la akiba la tela lenyewe. Maana wengi huchukua la gari tu, nalo haliingii.

Tukaondoka Tanga asubuhi saa moja. Tulikuwa watu wanne: dereva, utingo, na sisi wawili. Nje ya mji barabara ni njema, na mtu aweza kushawishika kukimbia. Dereva wetu hakukimbia. Alituambia ya kuwa mwendo ukiongezwa mara mbili, nafasi ya kusimamia baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne; na wenye tela hawana budi kuongeza tena juu ya hapo. Kwa hiyo aliacha nafasi kubwa mbele yake. Magari mengine yalipoingia katika nafasi hiyo, hakukasirika, bali alirudi nyuma na kuacha nafasi nyingine.

Muheza, nchi ya machungwa, tulisimama mara ya kwanza. Wakati utingo akinunua machungwa, dereva alizunguka tela. Alizikaza kamba, maana mzigo hujishindilia katika mwendo na kamba iliyokuwa imekaza hulegea. Alizijaribu nati za magurudumu kwa spana. Akaweka kiganja karibu na kila gurudumu kusikia joto. Kwani gurudumu moja likiwa na moto kuliko mwenziwe, breki yake imeng'ang'ania au beringi zake zinakufa. Yote yalikuwa mema. Kazi hiyo ilikwisha kabla hatujamaliza kumenya machungwa.

Tukapita Hale, nchi ya mkonge. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf; miche iliyopona safari ya bahari ilikuwa 62 tu, na katika hiyo yakatokea mashamba makubwa ya Tanga. Kutoka Segera tulishika barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, nayo ina mabasi na malori mengi. Hapo tulijifunza jambo jingine. Basi kubwa lilitupita kwa kasi, na upepo wake ukalisukuma tela. Tukasikia gari likitikisika kiunoni. Sisi tulishika viti. Dereva hakukanyaga breki, wala hakuongeza moto, wala hakuzungusha usukani kulikimbiza tela. Aliondoa mguu taratibu, akashika usukani umenyoka, na baada ya muda mfupi tela likatulia lenyewe.

"Likiyumba, usishindane nalo," alisema. "Breki za ghafula hulikunja, na mwendo hulizidisha ukaidi. Mwendo ukipungua wenyewe, nalo hutulia."

Mbele ya Korogwe tuliona mfano wa maneno hayo. Kando ya barabara palikuwa na tela limelala ubavu, shingo imepinda, na boriti zimetawanyika katika nyasi. Boriti zile ndefu zilikuwa zimefungwa zikichomoza nyuma, na uzito wake wote ulikuwa katika mkia. Kwa rehema hakufa mtu. Tukasimama mbali kidogo, tukasaidia kuondoa boriti zilizokuwa barabarani, kisha tukaendelea. Kwa muda mrefu hapana aliyesema neno katika gari.

Tulifika Mombo jua likiwa kali. Mlima wa Usambara ulisimama mbele yetu kama ukuta, na kichwa chake katika mawingu. Hapo mahali pa kuanzia kupanda wasafiri huwa wengi. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alituomba nafasi, na vijana watatu walikuwa wamekwisha kuweka mkono juu ya tela.

"Mama, karibu ndani, kiti kipo," akasema dereva. "Ninyi wanangu, tela si kiti."

"Baba, sisi twapanda matela kila siku," akajibu mmoja, "wala hatujafa."

"Aliyekufa hasemi, mwanangu," akasema dereva. "Ndani imebaki nafasi ya wawili. Mmoja wenu asubiri basi."

Wakatazamana, wakacheka, na mkubwa wao akabaki. Mtu mzima aweza kufikiri kuwa huo ni ukali. Lakini mzigo ukihama, aliye juu yake hana mahali pa kushika. Na tela likipinduka, hupinduka juu yake. Ndiyo maana haifai mtu kupanda tela la mizigo, wala kwa kilomita moja, wala kwa huruma.

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, na katika kilomita hizo njia hupanda karibu mita 1,000. Barabara ni nyembamba. Upande mmoja ni jabali, na upande wa pili ni bonde ambalo macho hayapendi kulitazama kwa muda mrefu. Kona zake hufuatana. Dereva aliingia kila kona akiwa ameikata kwa upana, kwa sababu magurudumu ya tela hayafuati njia ya magurudumu ya gari. Hukata ndani zaidi, na asiyejua hulikwaruza tela kwenye jabali au kulitumbukiza mtaroni. Kabla ya kona isiyoonyesha mbele alipiga honi, akangoja ajibiwe.

Alipanda kwa gia ndogo, injini ikiimba sauti moja. Sindano ya joto ilipoanza kupanda, alisimama mahali papana karibu na Soni, ambapo maporomoko ya maji yaonekana kutoka barabarani, yakianguka juu ya miamba. Utingo alishuka mara moja akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya gari na ya tela. Hatukufungua kifuniko cha rejeta, maana maji ya moto huruka na kuunguza uso. Tulingoja injini ipoe yenyewe. Mama yule alitugawia ndizi, nasi tukampa mtoto chungwa.

Wakati wa kuondoka utingo aliyaokota mawe yote, akayatupa mbali na barabara. Twaomba wasomaji wasilione jambo hilo kuwa dogo. Jiwe lililokuokoa wewe mchana laweza kumwua mwendesha pikipiki usiku.

Lushoto, ambayo wakati wa Wajerumani iliitwa Wilhelmstal, ni mji wa baridi na miti mirefu. Tulipita, tukafika shuleni alasiri. Uwanja ulikuwa mwembamba, ikabidi kurudisha tela nyuma, kazi iwashindayo madereva wengi. Dereva aliweka mkono chini ya usukani, si juu. Hivyo mkono ukienda kulia, tela nalo huenda kulia. Ukienda kushoto, nalo huenda kushoto. Mwalimu mkuu alisimama mahali alipoonekana katika kioo, na watoto wote wakaondolewa nyuma ya tela. Hatukulifungua tela katika gari mpaka limekwisha kupakuliwa, wala hatukuanza kupakua mbele. Maana mbele ikiwa tupu na nyuma imejaa, tela lililofunguliwa huinuka kama pembea na kumpiga aliye karibu na shingo.

Tulilala huko. Asubuhi wazazi wa shule walituomba tuwachukulie viazi mpaka Tanga, kwa kuwa bei ya pwani ni nzuri kuliko ya mlimani, na fedha hiyo ingesaidia kuwalipa mafundi. Tukaletewa magunia manane. "Kila gunia ni kilo mia," walisema, "jumla mia nane, na tela lina mia tatu na hamsini. Hesabu yako haikupita, Bwana dereva."

Lakini wasomaji waijua lumbesa. Gunia hushonewa kofia juu yake, likaongezwa na kuongezwa, na bado huitwa gunia moja. Desturi hiyo imekatazwa na sheria ya vipimo, kwa kuwa humdhulumu mkulima alipwaye kwa gunia. Lakini ina dhuluma nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kumdanganya dereva. Dereva wetu aliomba mizani. Gunia la kwanza likasoma kilo 125, na mengine yalikuwa karibu sawa nalo. Magunia manane yalikuwa kilo 1,000, na pamoja na tela 1,350. Yakapakiwa sita, jumla kilo 1,100.

Wenye magunia mawili yaliyobaki walihuzunika, na mzee mmoja akasema waziwazi kwamba dereva ana kiburi. Yeye akamjibu kwa upole: "Babu, jana nilipanda, leo nashuka. Katika kupanda, mzigo ukinishinda, gari husimama. Katika kushuka, mzigo ukinishinda, gari halisimami." Mzee akamtazama kitambo, kisha akasema, "Basi nenda, mwanangu. Yangu yatangoja."

Tukashuka. Kabla ya mteremko kuanza, dereva aliingiza gia ndogo, ile ile iliyofaa katika kupanda, akaiacha injini izuie gari. Hakungoja mwendo uzidi ndipo atafute gia, wala hakuweka gia huru hata kidogo ili kuokoa dizeli; mwenye kufanya hivyo huokoa kikombe na kumwaga pipa. Alipohitaji breki alikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha akaachia zipoe, wala hakuacha mguu ulale juu yake. Breki zikanyagwazo mfululizo hupata moto, na zikipata moto mno huacha kushika. Mguu hushuka mpaka sakafuni na gari halijibu. Tena tela letu lilikuwa na breki za msukumo: gari likipunguza mwendo, tela husukuma mbele, na msukumo huo hukaza breki zake. Basi katika mteremko mrefu breki za tela huweza kufanya kazi muda mrefu bila dereva kuona, na dawa yake ni mwendo wa pole tangu mwanzo.

Gari moja dogo lilitufuata likipiga honi bila kukoma. Penye nafasi dereva alikaa kando, akalipisha. Alisema kwamba mwenye tela ana deni la kuwapisha wenye haraka, lakini hana deni la kukimbia pamoja nao.

Chini ya Soni tulikuta lori limesimama, na moshi ukitoka katika magurudumu yake, na harufu kali imejaa barabara. Kijana mmoja alikuwa na ndoo ya maji mkononi. Dereva wetu alimzuia. "Usimwagie. Chuma chenye moto kikipata maji baridi hupasuka. Kiacheni kipoe chenyewe, nanyi mshuke taratibu kwa gia." Wakatii, wakaketi kivulini. Nasi tukaenda zetu.

Mombo tulishuka wote kutazama magurudumu. Yalikuwa na joto, lakini mkono uliweza kukaa karibu. Viazi vilifika Tanga jioni, vikauzwa kesho yake, na fedha ikapelekwa shuleni. Mifuko kumi ya sementi ilipanda juma lililofuata, pamoja na vyombo vingine, na magunia mawili yaliyobaki yakashuka katika safari hiyo ya pili.

Wasomaji wetu, si kila mmoja wenu atakayeendesha gari lenye tela. Lakini wengi mtakuwa wenye mzigo, au wajumbe wa kamati, au wazazi wa kijana atafutaye mshahara kwa usukani. Siku dereva atakapoomba mizani, msimcheke. Atakaposema mifuko kumi ibaki, msimwonyeshe gari la jirani lililobeba ishirini. Na akiwa ni dereva asiyeomba mizani, mwombeni ninyi. Apime uzito wote. Aweke kizito chini na mbele ya ekseli kidogo. Ajaribu shingo, minyororo, taa na matairi. Asimame baada ya mwendo mfupi azikaze kamba na nati. Asimpandishe mtu juu ya tela. Na mlimani ashuke kwa gia. Mambo hayo yote katika safari yetu yalichukua muda usiopata saa mbili kwa kwenda na kurudi. Mjumbe yule wa kamati alikuwapo siku ya safari ya pili, naye safari hii ndiye aliyeleta karatasi na kalamu.